Kuongeza Kapla za Haidroliki Nyuma ya Trekta la Zamani: Njia Nne Zikilinganishwa

Mwenye trekta la zamani, tuseme Massey Ferguson 135 au Ford 5000, huanza kuwaza habari ya haidroliki za nyuma siku anaponunua tela la kutipa. Trekta lake linalima, linapiga haro, linavuta mizigo, na mikono yake miwili inanyanyua plau leo kama ilivyonyanyua lilipokuwa jipya. Lakini tela limeletwa likiwa na mpira mmoja mweusi unaoning'inia kwenye ulimi wake, wenye kapla ya chuma mwishoni, yaani kiunganishi cha kuchomeka, na nyuma ya trekta hakuna tundu lolote la kuuchomeka. Fundi wa kwanza atakayeulizwa atasema ni kazi ya nusu siku. Wa pili atasema lazima inunuliwe pampu nyingine. Wote wawili wanaweza kuwa wakweli, kwa kuwa kila mmoja anafikiria kazi tofauti na, mara nyingi, trekta tofauti.

Njia zinazotumika ni nne. Ya kwanza ni kuchukua mafuta ya lifti, yaani mfumo unaoinua ile mikono miwili, kwa bomba moja na kuyaongoza kwa wenzo uleule wa lifti. Ya pili ni kufunga vali ya kuongozea yenye wenzo wake, ile ambayo mafundi huiita kontroli, inayolishwa na pampu hiyohiyo ya trekta. Ya tatu ni kufunga pampu nyingine yenye tangi lake. Ya nne ni kuliacha trekta kama lilivyo na kulibebesha tela pampu yake ya umeme wa betri. Nitazipima njia hizi kwa kazi mbili, yaani tela la kutipa na kipakizi cha mbele chenye ndoo, kwa sababu kazi hizo mbili zinatofautiana vya kutosha kuonyesha njia ipi inaishia wapi. Bei sitaziandika, kwa kuwa hubadilika kila msimu na kila duka. Nitasema tu ipi huanza kwa gharama ndogo na ipi huishia kuwa kubwa.

Pampu iliyomo ndani ya trekta

Vali inayofaa kwenye trekta moja inaweza kuleta hasara kwenye jingine, kwa hiyo ni lazima mtu ajue kwanza pampu yake hufanyaje kazi. Massey 135 na 165 ni matrekta ya kuanzia mwaka 1964, nayo yamerithi mfumo wa Harry Ferguson: pampu ya pistoni nne imezama ndani ya mafuta chini ya kiti cha dereva, inazungushwa na shafti inayopeleka nguvu kwenye PTO (shafti ya nyuma ya kuendeshea mashine), na vali inayoiongoza ipo upande wa kunyonya, si upande wa kusukuma. Wenzo wa lifti unapotulia, pampu inaendelea kuzunguka lakini hainyonyi kitu, na hivyo haitoi kitu. Hutoa mafuta pale tu wenzo unapoagiza, kisha hukoma mikono inapofika kwenye kimo kilichoagizwa.

Ford 5000 na ndugu zake wa miaka ileile hufuata mpango mwingine. Pampu yao inapozunguka husukuma mafuta muda wote, na yale yasiyohitajika huzunguka tu na kurudi kwenye hifadhi yake bila shinikizo la maana. Ukiyazuia mafuta hayo mahali popote njiani bila kuyapa pa kupitia, shinikizo hupanda papo hapo mpaka vali ya usalama ifunguke, na kama hakuna vali ya usalama kati ya pampu na kizuizi, basi kitu fulani kitapasuka. Tofauti hii moja ndiyo inayoamua aina ya kontroli ya kununua, na ndiyo inayosahaulika zaidi pale vali inaponunuliwa kwa kuangalia tu kama matundu yake yanalingana na mipira iliyopo.

Jambo jingine ni klachi. Kwa kuwa pampu ya Massey hupata mwendo wake kupitia klachi, dereva akikanyaga pedali mpaka chini pampu inasimama, na tela lililoanza kuinuka linasita hapo lilipo. Massey yenye klachi ya hatua mbili hukanyagwa nusu: magurudumu yanasimama, pampu inaendelea. Ford 3000, ambayo pampu yake imefungwa kwenye injini, haina shida hiyo kabisa. Kwa tela hili si tatizo kubwa, maana unatipa ukiwa umesimama na gia ipo nyutro. Kwa kipakizi cha mbele, ambapo dereva anakanyaga na kuachia klachi kutwa nzima huku akiinua ndoo, ni kero ya kila dakika.

Kisha ni kiasi cha mafuta. Pampu ya Massey 135 iliyo nzima hutoa mafuta yasiyozidi sana lita 15 hadi 20 kwa dakika, kwa shinikizo la kati ya baa 170 na 210 kulingana na toleo. Chukua jeki ya tela, yaani silinda inayoinua bodi, yenye kipenyo cha milimita 100 na mkwaju (umbali inaonyooka) wa mita moja: inahitaji karibu lita 8 ili kunyooka yote. Kwa lita 15 kwa dakika, tela litafika juu kwa takriban nusu dakika, na kwa baa 170 jeki hiyo inasukuma kwa nguvu ya zaidi ya tani 13. Kwa tela la tani tatu au nne hiyo ni nguvu inayotosha na kubaki, hata ukizingatia kwamba jeki iliyolala chini ya bodi husukuma kwa pembe mbaya mwanzoni. Kwa hiyo anayeambiwa kwamba pampu ya trekta la zamani haiwezi kuinua tela anapaswa kuuliza hesabu hiyo imetoka wapi.

Wenzo wa lifti au kontroli yenye wenzo wake

Njia ya kwanza na ya pili zinaanzia mahali pamoja. Juu ya kifuniko cha lifti cha Massey, upande wa kulia mbele ya kiti, kuna kifuniko kidogo cha chuma cha kutupwa kilichokazwa kwa bolti. Chini yake ndipo mafuta yenye shinikizo yanapotoka kwenye bomba la pampu na kugeuka kuelekea kwenye silinda ya lifti. Kwenye trekta lililokaa miaka mingi, kifuniko hicho huwa kimefunikwa na tabaka la vumbi lililoganda pamoja na mafuta, gumu kama lami. Kwangua tabaka hilo lote, osha kwa brashi na dizeli, kausha, ndipo ulegeze bolti. Chembe moja ya mchanga itakayodondokea kwenye tundu lile inaelekea moja kwa moja mahali ambapo pistoni na vali zinapishana kwa nafasi ndogo kuliko unywele. Oringi, zile pete za mpira za kuziba, utakazozikuta chini zitakuwa bapa na ngumu, zinavunjika mkononi kama kucha. Usizirudishe, hata kama zinaonekana bado nzima.

Katika njia ya kwanza, kifuniko hicho hubadilishwa kwa kingine chenye tundu la nyuzi, likatoka bomba moja hadi nyuma ya trekta, likaishia kwenye kapla. Hakuna wenzo mpya, hakuna bomba la kurudishia mafuta: tela linapanda kwa wenzo wa lifti na kushuka kwa wenzo huohuo, mafuta yakirudi kwa njia iliyoyaleta. Ni njia yenye vipande vichache kuliko zote na yenye sehemu chache za kuvuja, na kwa gharama ndiyo ya chini kabisa.

Tatizo lake ni kwamba mafuta hayajui kuwa ulikusudia tela. Huenda kwanza penye upinzani mdogo, na mikono mitupu ya lifti ni mepesi kuliko tela lenye mahindi. Mikono itapanda kwanza mpaka juu, na ikifika pale wenzo ulipoagiza, pampu itaacha kunyonya, na tela halitakuwa limesogea hata kidole kimoja. Ndiyo maana Massey iliwekewa, mwishoni mwa mwendo wa wenzo wa kimo, sehemu ya kupampu mfululizo, ambapo pampu inaendelea kutoa mafuta hata mikono ikiwa juu kabisa. Dereva anayelijua trekta lake hupeleka wenzo huko, husubiri mikono ipande, kisha hulitazama tela likianza kunyanyuka. Likishafika anapotaka anarudisha wenzo katikati. Wengine huifunga mikono kwa mnyororo kwenye baa ya kuvutia ili isipande, na tela huinuka mara moja. Hufanya kazi, ila wajue kwamba wakati huo silinda ya lifti inavuta mnyororo kwa shinikizo lote la pampu, na shafti ya mikono pamoja na fimbo za kunyanyulia zinabeba mzigo ambao hazikuundiwa kuubeba zikiwa zimezuiwa. Nimeona mnyororo wa aina hiyo ukiwa umechora mfereji kwenye baa ya kuvutia.

Nafuu iliyopo ndani ya njia hiihii ni kufunga, badala ya kifuniko chenye tundu tupu, vali ya kugawia yenye mpini mdogo: ukiugeuzia upande mmoja mafuta yanaenda kwenye mikono, ukiugeuzia mwingine yanaenda nyuma na mikono inabaki imefungiwa palepale ilipo. Gharama inaongezeka kidogo, na usumbufu wote wa mnyororo unaisha. Kama kuna mtu anayetaka njia ya kwanza, naona hii ndiyo namna pekee ya kuifanya.

Njia ya pili inaendelea kutoka hapo. Mafuta yakishatoka kwenye vali ya kugawia huingia kwenye kontroli iliyofungwa kwenye fenda au kando ya kiti, yenye matundu mawili ya kwenda kwenye kapla mbili za nyuma, na tundu la tatu la kurudisha mafuta kwenye giaboksi kupitia mlango wa kujazia au plagi nyingine iliyo juu ya usawa wa mafuta. Faida yake ya kwanza ni kwamba unapata kusukuma na kuvuta. Haro ya kuvuta yenye magurudumu yanayoshushwa kwa jeki, au kipakizi ambacho ndoo yake lazima isukumwe chini na si kusubiri ishuke kwa uzito wake, haiwezi kufanya kazi kwa njia ya kwanza hata kidogo. Faida ya pili ni uangalizi: wenzo wa kontroli unausogeza kidogo na tela linapanda taratibu, ukiuachia unarudi katikati wenyewe na tela linasimama, ilhali kwa wenzo wa lifti, ambao hubaki ulipouweka, dereva aliyegeuka kuongea na wapakiaji anaweza kuisahau pampu ikisukuma hadi mwisho.

Kwa Massey, kontroli inayofaa ni ile inayoachia mafuta yapite wazi ikiwa katikati. Unaweka wenzo wa lifti kwenye kupampu mfululizo, vali ya kugawia unaigeuzia nyuma, na mafuta yanazunguka bila shinikizo mpaka usogeze kontroli. Ukiweka kontroli inayoziba katikati, pampu itasukuma dhidi ya ukuta, vali ya usalama itapiga mluzi muda wote, na mafuta yatachemka kabla hujamaliza kazi ya asubuhi. Kasoro inayobaki ni kwamba huwezi kutumia mikono na kapla kwa wakati mmoja. Kwa tela halina neno. Kwa plau ya kugeuza kwa haidroliki lina neno sana: kila mwisho wa tuta unainua, unageuza mpini, unapindua plau, unarudisha mpini, unashusha. Mtu atafanya hivyo siku ya kwanza kwa furaha. Siku ya tatu atarudi kwenye plau yake ya zamani.

Kwa tela lenye mpira mmoja, kontroli ya pande mbili inatumika vilevile, lakini tundu la pili lisizibwe kiholela. Ukilishusha tela kwa kuusukuma wenzo upande wa pili, pampu nayo itakuwa inasukuma mafuta kwenye tundu lililozibwa, na vali ya usalama italia mpaka tela lifike chini. Kontroli nyingi zina skrubu au plagi ya kuzigeuza ziwe za upande mmoja. Nyingine zina nafasi ya kuelea, ambapo mafuta yanarudi huru. Muuzaji asipojua kuonyesha kipi kati ya hivyo kipo kwenye vali yake, nenda duka la pili.

Kwenye Ford mambo yanakuwa mengine

Ford 3000 na 5000 nazo zina kifuniko cha vifaa vya nyongeza juu ya lifti, kwa hiyo mahali pa kuanzia hapatafutwi. Lakini kwa sababu mafuta yanazunguka muda wote, kontroli ikikaa kati ya pampu na lifti lazima iwe na tundu maalumu la kupitishia, yaani mafuta yasiyotumiwa na kapla yaendelee mbele kwenda kwenye lifti yakiwa bado na uwezo wa kubeba shinikizo. Kontroli ya kawaida yenye tundu la kurudishia tu haina uwezo huo. Tundu lake la kurudishia limejengwa kwa mafuta yanayorudi nyumbani yamechoka, si kwa mafuta yanayokwenda kuinua plau.

Jirani yangu aliletewa kontroli iliyotolewa kwenye forklift lililokatwakatwa, nzito, nzuri kwa kuitazama, imepakwa rangi mpya ya kijivu. Fundi akaifunga kwenye Ford yake na kuyapeleka mafuta ya kurudi kwenye lifti, akidhani mafuta ni mafuta. Tela lilitipa vizuri mara mbili. Mara ya tatu alinyanyua plau, wenzo wa kontroli ukiwa katikati, na sili ya mwisho wa kontroli ikachomoka kama kizibo cha soda. Mafuta yakaruka mpaka kwenye kioo cha taa ya mbele. Alipoifungua aliikuta sili yenyewe haijachakaa hata kidogo. Ilikuwa imebebeshwa mzigo ambao haikuundiwa. Alichokosa ni sindano ya kupitishia, kipande kidogo chenye nyuzi ambacho kwa kontroli zinazokikubali hununuliwa peke yake na kufungwa kwenye tundu lake. Ile ya forklift haikuwa na nafasi ya kukifunga.

Pampu ya pili

Njia ya tatu inaacha haidroliki za trekta zibaki kama zilivyo na kujenga mfumo mwingine pembeni: pampu ya gia, tangi, chujio, vali ya usalama na kontroli. Pampu huwekwa kwenye mojawapo ya sehemu mbili. Inaweza kuchomekwa kwenye shafti ya PTO nyuma, ikiwa na giaboksi ndogo ya kuongeza mwendo mara tatu, au inaweza kufungwa mbele na kuzungushwa na puli ya krenki.

Hesabu yake inaeleza kwa nini watu huitamani. Pampu ya sentimita za ujazo 20 ikizungushwa mara 1,600 kwa dakika, yaani PTO ya mizunguko 540 ikizidishwa mara tatu, inatoa lita 32, mara mbili ya pampu ya Massey. Jeki ile ya lita 8 inanyooka kwa robo dakika. Kwenye kipakizi, tofauti inaonekana zaidi: jeki mbili za kipenyo cha milimita 60 na mkwaju wa milimita 600 zinahitaji lita 3.4, ambazo kwa pampu ya trekta ni sekunde 13 hivi na kwa pampu ya pili ni sekunde 6 au 7, nayo ni tofauti ya kila ndoo, ndoo mia moja kwa siku. Na kama kazi ni kuzungusha mota ya haidroliki, kwa mfano ya kuchimba mashimo ya nguzo au ya kuendesha skrubu ya kupakulia nafaka, hapa mjadala unakwisha. Mota inataka mafuta mfululizo kwa muda mrefu, na pampu ya lifti haikujengwa kwa kazi ya muda mrefu.

Hata hivyo gharama yake haipo kwenye pampu. Ipo kwenye tangi la lita 40 hadi 50, kwenye mpira mnene wa inchi moja wa kunyonyea, kwenye chujio la njia ya kurudi, na kwenye mafuta yenyewe ya kujaza vyote hivyo. Ipo pia kwenye nguvu ya injini: lita 32 kwa baa 170 ni kilowati 9, yaani farasi 12 hivi kati ya 45 za Massey 135, ingawa ni kwa sekunde chache tu wakati wa kuinua. Ukiiweka kwenye PTO, huwezi tena kuendesha mashine ya kupukuchua mahindi bila kuichomoa. Ukiiweka mbele, inabidi apatikane fundi wa lathi wa kukereza kiunganishi cha puli kitakachozunguka bila kuyumba, maana shafti ikienda upande hata kwa milimita moja, sili ya pampu haimalizi msimu. Na vali ya usalama ya mfumo huu ni ya lazima. Kwenye njia mbili za mwanzo pampu ya trekta ina yake ndani. Hapa hakuna mtu aliyekuwekea.

Faida moja ya njia hii haitajwi vya kutosha, nayo ni usafi. Katika njia ya kwanza na ya pili, mafuta yaliyokuwa ndani ya jeki ya tela hurudi kwenye giaboksi ya trekta. Tela la kuazimwa, lililokaa msimu mzima uwanjani kapla yake ikiwa wazi, linarudisha maji na vumbi kwenye mafuta yaleyale yanayolainisha gia, beringi na pampu. Giaboksi ya Massey 135 hubeba takriban lita 30, na jeki ya lita 8 inaazima zaidi ya robo yake. Anayetegemea kuazimana matela na majirani ana sababu nzuri ya kufikiria tangi la pekee, au angalau kuwa mkali kuhusu vifuniko vya kapla.

Pampu ya betri

Njia ya nne ni ya haraka kuieleza. Ni kisanduku chenye mota ya volti 12, pampu ndogo na tangi, kinachofungwa kwenye ulimi wa tela na kuendeshwa kwa swichi ya waya. Trekta lolote linaweza kulivuta tela hilo, hata pikapu. Mota hiyo hula ampea 150 na zaidi ikiwa na mzigo, na hutoa lita chache tu kwa dakika, hivyo jeki ileile itachukua dakika moja na nusu hadi mbili. Trekta la zamani lenye dainamo badala ya alteneta halitaweza kuirudishia betri umeme unaotumika. Tela libebe betri yake na ichajiwe nyumbani. Kwa safari tatu nne kwa siku inafaa. Kwa kazi ya kutwa mota itakuwa ya moto usiyoweza kuigusa kabla ya saa sita.

Mipira, nyuzi na mikono ya watu

Hapa njia zote zinakutana, na hapa ndipo wanaobana fedha huziokoa mahali pasipofaa. Mpira wa nusu inchi wenye tabaka moja la waya una uwezo wa kufanya kazi kwa baa 160, chini ya shinikizo la pampu ya Massey. Wenye tabaka mbili hubeba baa 275, na wa robo tatu ya unene huo, ule wa inchi tatu kwa nane, hubeba baa 330. Maandishi ya 2SN, alama ya tabaka mbili, yaliyochapwa ubavuni ndiyo unayotafuta. Mpira usio na maandishi yoyote uache dukani.

Nyuzi nazo zina mtego wake. Nyuzi za Kiingereza na za Kimarekani za nusu inchi zote zina meno 14 kwa inchi, hivyo moja huingia kwenye nyingine, hujikaza kidogo, na fundi huamini amefaulu. Pembe ya meno yake ni tofauti, na sehemu hiyo itavuja hata ukiizungushia tepu nyeupe mara kumi. Ukiona fundi anaongeza tepu kwa mara ya pili, msimamishe na mpime nyuzi.

Unapotafuta panapovuja usipapase kwa mkono. Mafuta yanayotoka kwenye tundu la sindano kwa baa 170 hupenya ngozi, na jeraha linaweza kuonekana dogo kama la kuumwa na mdudu huku nyama ndani ikiharibika. Likitokea, ni hospitali saa hiyohiyo, na daktari aambiwe ni mafuta ya haidroliki. Pitisha kipande cha boksi na ulitazame likilowa. Na bodi ya tela ikiwa juu, asiingie mtu chini yake mpaka iwekewe nguzo ya chuma, haidhuru njia iliyochaguliwa ni ipi.

Ipi kwa nani

Kwa mwenye Massey 135 au 165, tela moja la kutipa na hakuna mpango mwingine, ningefunga vali ya kugawia pamoja na bomba moja, na fedha inayobaki ningeimalizia kwenye mpira bora na kapla za nusu inchi za kiwango cha ISO 7241 A, ambazo ndizo utakazozikuta kwenye matela mengi, ili tela la jirani nalo lichomeke. Akiwa na mawazo ya haro ya magurudumu au kipakizi katika miaka miwili ijayo, aruke moja kwa moja hadi kontroli ya pande mbili, kwa sababu kazi ya kufungua, kuosha na kubadilisha oringi ni ileile, na kuirudia ni kulipa mara mbili. Mwenye Ford aanze na kontroli yenye tundu la kupitishia au asianze kabisa. Pampu ya pili ningemwachia mwenye kipakizi kinachofanya kazi kila siku, au mwenye mota ya kuzungusha. Kwa tela pekee ni gharama kubwa ya kuokoa robo dakika. Ya betri ni ya mwenye tela linalovutwa na magari tofauti.

Chochote kitakachochaguliwa, kwanza azima geji ya kupimia haidroliki, ifungwe kwenye tundu la kifuniko kile cha kulia, mafuta yakiwa yamepata joto la kazi, na wenzo uwekwe kwenye kupampu mfululizo mpaka vali ya usalama ifunguke. Ikisoma baa 170 au zaidi na sindano ikatulia, endelea na ununuzi. Ikiishia 120, jeki ile ya tani 13 imekuwa ya tani 9, na fedha ya kontroli iende kwanza kwenye pampu. Kisha, vyote vikishafungwa, jaza mafuta kwenye giaboksi tela likiwa limeshuka kabisa. Anayejaza tela likiwa juu atayaona mafuta yale yale ya ziada yakipita kwenye sili za akseli siku litakaposhushwa, yakatafuta njia mpaka kwenye breki.